Fizikia haisomwi ukiwa umelala: maswali yenu ya kemia na fizikia

Muhula wa tatu ukiingia, maswali ya wanafunzi wa sekondari wa Uganda (S.1 hadi S.6 ni miaka yao ya masomo) huja kwa wingi, na nusu yake ni lile lile: "Mwalimu, nini kitatoka kwenye mtihani?" Hilo sijibu. Anayejua haruhusiwi kusema, na anayesema hajui. Yaliyobaki ni haya.

Tulifanya jaribio la pendulamu nikapata g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ya 10.9. Hesabu nimezirudia kwa kikokotoo, ziko sawa. Kosa liko wapi? (S.4, Mbale)

Kosa liko mdomoni. Ulipoiachia pendulamu na kubonyeza saa, ulisema "moja". Pale husemwa "sifuri". "Moja" ni pendulamu inaporudi ilikotoka. Ukianza na moja, ukifika ishirini imekwenda na kurudi mara 19 tu, nawe unagawanya muda kwa 20. T, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, inapungua kwa asilimia 5, T² inapungua karibu asilimia 10, mteremko wa grafu ya T² dhidi ya urefu wa uzi nao vivyo hivyo. Na kwa kuwa g ni 4π² kugawanya kwa mteremko, 9.8 inapanda mpaka hiyo 10.9 yako.

Kwa kuwa umeniletea na jedwali, sikia na ambayo hukuuliza. Safu ya urefu umeandika 0.5, 0.6, 0.7. Rula ya mita inasomeka hadi milimita, kwa hiyo ni 0.500, 0.600, 0.700. Safu ya T² haina kizio. Pembetatu ya mteremko umeichora ndogo utadhani unaificha. Ichukue zaidi ya nusu ya mstari, na usome thamani kwenye mstari wenyewe, usizitoe kwenye jedwali. Halafu acha tamaa ya kupata 9.81 kamili. Wapo wanaobadilisha namba ili grafu ipendeze. Nukta zote sita zikikaa juu ya mstari bila hata moja kupotoka, mtahini mwenye usingizi ataamka.

Nimesoma noti za moli (kizio cha kiasi cha dutu) mara tatu na bado nafeli. Nisome nini kingine? (S.4, Jinja)

Usisome kingine. Funga daftari, chukua kalamu. Sentimita za ujazo 25.0 za sodiamu haidroksaidi (besi) ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, zimemalizwa na 24.50 za asidi ya sulfuriki. Moli za besi ni 0.1 × 25.0 ÷ 1000, yaani 0.0025. Hapa ndipo wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye asidi na kuandika 0.102 M kwa furaha. Mlinganyo je? H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O. Asidi moja, besi mbili. Moli za asidi ni nusu, 0.00125, na jibu ni 0.051 M. Ulisoma jambo hili mara tatu na bila shaka kila mara ulitikisa kichwa kwamba umeelewa. Kutikisa kichwa hakuna alama.

Fanya maswali kumi ya namna hiyo bila kufunua majibu. Ukikwama anza upya. Usiku mmoja wa namna hiyo unazidi wiki nzima ya kupaka noti rangi za njano na waridi.

Tukiwa hapo hapo: bureti, ile mirija ya kupimia asidi, husomwa kwa desimali mbili, 24.50, si 24.5. Isuuze kwa myeyusho utakaoutia ndani yake. Flaski ya koni isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Ukiisuuza kwa besi, umeongeza moli ambazo hukuzipima, na asidi itatumika nyingi kuliko inavyostahili. Kila mwaka naliandika hili, na kila mwaka nakuta mtoto anasuuza flaski kwa besi kwa bidii kabisa.

Naweza kuacha fizikia nibaki na kemia na biolojia? (S.2, Masaka)

Kabla ya kumaliza S.4, huwezi. Ni somo la lazima.

Mwanangu wa S.4 anataka shilingi 60,000: pamfleti yenye "majibu ya UNEB" (baraza la mitihani la Uganda) na ada ya semina ya Jumamosi. Nimpe? (Mzazi, Arua)

Mama, pamfleti usinunue. Iliyo na majibu tayari inamfundisha mtoto kukremu, yaani kukariri bila kuelewa, na mtihani wa sasa haumtaki aliyekremu. Mtaala mpya ulianza na S.1 wa mwaka 2020, na watoto wake wakafanya UCE (mtihani wa taifa wa mwisho wa S.4) ya kwanza mwaka 2024. Tangu hapo swali huja na kisa. Kijiji kina kisima, sabuni haitoi povu, wanakijiji wanachemsha maji na bado povu halipo, washauri. Aliyekremu atamwaga kurasa mbili zote za maji magumu kama zilivyo kwenye pamfleti. Aliyeelewa ataona kwamba kuchemsha kumeshindwa, kwa hiyo ugumu wa maji hayo si wa muda, pengine ni kalsiamu salfeti, na atawashauri watumie magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti. Mistari sita, basi, na alama zake kamili.

Semina ni jambo jingine. Uliza kwanza kama watoto watashika vifaa. Kama wataingia maabara kwa vikundi vidogo, mpe hela. Kama ni watoto mia nne ukumbini wakimsikiliza bwana mwenye kipaza sauti, huo ni mkutano wa hadhara, abaki nyumbani.

Akibaki, afunge kufuli kwenye uzi, auning'inize mlangoni, simu yako iwe saa: pendulamu imepatikana bure. Mnunulie karatasi za grafu na rula ambayo milimita zake hazijafutika. Kisha muulize alama zake za tathmini endelevu, zile za kazi za darasani na mradi. Hizo ni asilimia 20 ya matokeo yake, na zinatoka shuleni kabla hajaingia chumba cha mtihani. Wazazi hulipa semina tatu za dakika za mwisho wakati mtoto hakukabidhi kazi tangu S.3.

Karatasi za zamani, za kabla ya 2024, bado zina faida? (S.4, Busia)

Zinazo, ukijua za kuchukua. Majaribio ya maabara na hesabu fanya zote: chuma hupanuka kikipata joto leo kama mwaka 1995. Yale maswali 50 ya kuchagua ya kemia yaache; yalikuwa ya mtihani mwingine. Kwa mazoezi ya visa, tunga vyako. Umeme unatoka bwawa la Karuma hadi Kampala kwa volteji kubwa: kwa nini? Anza na P = I²R, andika jibu, mpe mwenzako alisahihishe.

Zinki, alumini na risasi zote zinatoa mashapo meupe yanayoyeyuka sodiamu haidroksaidi ikizidi. Nitazitofautishaje? (S.6, Mbarara)

Kwa amonia. Mashapo ya zinki yatayeyuka ikizidi. Ya alumini na risasi yatabaki. Chukua myeyusho mwingine, tia potasiamu ayodaidi: risasi itatoa mashapo ya njano, alumini haitatoa kitu.

Lakini wewe ni wa S.6, jedwali hilo unalijua. Nadhani shida yako ni mkono. Watahiniwa wengi humimina sodiamu haidroksaidi kama wanatia chai kikombeni. Mashapo yanatokea na kuyeyuka kabla hawajainua macho, nao wanaandika "hakuna mabadiliko". Ni tone, tikisa, tazama, andika. Tone jingine, tikisa, tazama, andika. Na andika ulichokiona, hata kama rafiki yako upande wa pili ameona kingine. Huenda chumvi yake si yako.

Kuna kundi la Telegram linauza karatasi ya kemia. Wenzangu wamechanga. Nami nichange? (Hakutaja shule)

Hapana. Mara nyingi utauziwa karatasi ya moko (mtihani wa majaribio) yenye jalada jipya, na hela haitarudi. Ikitokea kuwa ni ya kweli, ni mbaya zaidi: UNEB hufuta matokeo, na sheria yake ya mwaka 2021 imeweka faini na kifungo. Toka kwenye kundi hilo leo, na usimtumie mtu yeyote hata picha yake.

Naruhusiwa kujibu fizikia kwa Kiswahili? (S.3, Kampala)

Hapana. Kiswahili kina karatasi yake. Kuelezana usiku wakati wa prepu (masomo ya kujisomea) kwa Kiswahili ruksa, na nawashauri mfanye hivyo.

Kikokotoo changu kinasema sini ya 30 ni -0.988. Kimekufa? (S.4, Lira)

Kizima. Kiko kwenye radiani. Kirudishe kwenye digrii, uone kinatoa 0.5, ndipo urudi kwenye ile grafu yako ya mwanga na kioo. Na ukimwazima tena kaka yako wa S.6 anayefanya hisabati, kikague kikirudi.