Pumu ya ngozi: tuanze na ngozi, chakula baadaye

SWALI: Mwanangu wa miezi saba ana pumu ya ngozi mashavuni na mikononi. Namwogesha kwa sabuni ya mche asubuhi na jioni, kisha nampaka mafuta ya karanga ya kukamua. Nimwachishe vyakula gani?
Mama mzazi, Sakina, Arusha

JIBU: Mama, usimnyime chakula chochote kwa kubahatisha. Tazama ngozi kwanza. Seli zake za juu zimeshikana, na kati yake kuna mafuta yanayozuia maji kutoka na vumbi kuingia. Sabuni ya mche ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, ngozi hutaka kama 5. Sabuni hiyo huyaondoa mafuta hayo na kulegeza maungio ya seli. Protini ya karanga ikipenya hapo, kinga ya mwili huiona adui. Ikipitia tumboni, mara nyingi huizoea. Mafuta ya karanga yaache leo hii!

Mwogeshe mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usisugue. Ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado mbichi, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mwili mzima, na urudie mchana. Wengi hukosea kwenye kiasi: kopo la gramu 100 likimaliza mwezi, unampaka kidogo mno, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai. Nguo zake zisuuzwe mara mbili.

Kabla ya kumwonjesha karanga, muulize daktari. Ngozi ikitoa majimaji au ukoko wa njano, au akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.