Maswali ya Wasomaji: Gaita Zisizotulia Mguuni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpagazi ninayejifunza kuongoza wageni katika milima ya Rwenzori, njia ya Nyakalengija. Gaita zangu, yaani zile nguo ngumu zinazofunika mguu kutoka kwenye kiatu hadi karibu na goti ili kuzuia tope, huteremka na kuzunguka upande hata nikizikaza juu kwa nguvu zote. Nifanye nini? – Msomaji, Kasese.

JIBU: Ndugu msomaji, uache kwanza huo mkanda wa juu, kwa sababu tatizo lako karibu hakika linaanzia chini. Gaita hushikiliwa na kulabu ndogo ya mbele inayonasa kamba za kiatu, pamoja na ukanda unaopita chini ya soli. Viwili hivi vikilegea, kitambaa hupanda kisigino na kuzunguka, na ukikaza juu unaishia kubana damu na kutia mguu ganzi.

Funga kiatu barabara, kisha nasa kulabu kwenye kamba ya chini kabisa, upande wa vidole, wala si karibu na kifundo. Ukanda wa chini uukalishe katika ule uwazi ulio mbele ya kisigino cha soli, ambako hauwezi kuteleza na mawe hayausagi sana, kisha uuvute hadi usicheze. Bizimu zote zielekee nje. Zikielekea ndani, umevaa ya kulia kushoto, na zitakwaruzana kila hatua. Kama gaita zako hufungwa kwa velkro, ule utepe wa kunata wenye meno madogo, sugua tope kwa mswaki wa zamani kabla ya kuifunga, kwani meno yake yakijaa udongo hayashiki kitu.

Sasa ndipo uende juu. Mkanda ukae juu ya shavu la mguu, chini kidogo ya goti, ili unene wa shavu lenyewe uuzuie kushuka, na uache nafasi ya kupitisha kidole.

Kuhusu kinamasi cha Bigo, mtakachokipita katika njia yenu hiyo, ushauri wangu ni kwamba uvuke kwa mabuti marefu ya mpira na gaita uziache mfukoni, maana mabuti hayo hayana kamba za kunasa kulabu, na tayari yanafunika sehemu ileile. Zivae utakapobadilisha viatu kwa ajili ya mawe na barafu ya Mlima Stanley. Kagua ukanda wa chini kila mnapofika kambini, kwa sababu ndio unaokatika mapema kuliko vyote, na ubebe kamba nyembamba ya nailoni ya kuufidia, ambayo fundo lake utalifunga upande wa nje. Kabla ya kufunga kramponi, vile vyuma vya meno vya kutembelea juu ya barafu, chomeka ndani kila ncha ya mkanda inayoning'inia, kwa kuwa jino likiinasa mnapoteremka kutoka Margherita, kilele cha Mlima Stanley, utaanguka.