Jibu kwa aliyeuliza chama cha Democratic kilishindwaje uchaguzi wa rais Marekani 1968

Kaka jibu ni vita vya Marekani kule Vietnam. Machi 1968 Seneta McCarthy, wa chama chao hichohicho, kaingia kura ya mchujo ya chama jimbo la New Hampshire anapinga vita akapata 42%, Johnson rais mzima kaambulia 49 tu, na tarehe 31 akatangaza kwenye tivii kwamba hagombei tena. Juni Robert Kennedy, mgombea mwingine wa chama aliyekuwa anapinga vita, akauawa. Agosti kule Chicago wakampitisha Humphrey, makamu wa Johnson, ambaye hata kwenye mchujo hakuingia, huku nje polisi wanawatwanga virungu vijana wanaoipinga vita, sasa hapo chama kitabaki kimoja kweli? Mwisho wa Septemba ndo Humphrey anasema atasimamisha mabomu, kachelewa mno, Nixon wa Republican akamzidi kama kura laki 5.

Mi waliogoma kumpigia kura Humphrey siwalaumu kabisa. Hapa Mtwara tulimpokea mama kavuka mto Ruvuma akikimbia vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, mkononi ana sufuria moja na kandambili za mtoto, mtoto mwenyewe mgongoni kalala, ukishaona hivyo huwezi kumwambia mtu avumilie vita kwa ajili ya chama.