Dosye nyingi, magazinye hayumo

SWALI: Yaya, nauza saruji na mabati hapa Kampemba. Magazinye wangu (mtunza ghala) amehamia Kolwezi, nikabandika tangazo mlangoni na kulituma kwenye WhatsApp: "Anatafutwa kijana mwaminifu, mchapakazi, mwenye diploma, uzoefu wa miaka 5, ajue Kifaransa na Kiingereza. Mshahara mzuri. Alete dosye kamili." Dosye (makaratasi ya maombi ya kazi) zimejaa kabati. Niliowaita wanaongea vizuri, lakini hakuna aliyewahi kujaza fishi ya stoki, ile karatasi ya mzigo ulioingia na uliotoka. Nalipa dola 200 na transpo. Nifanye nini? – Mama wa depo

JIBU: Mama, nimelisoma tangazo lako nikitafuta neno saruji. Halimo. Neno magazinye nalo halimo. Ila "mwaminifu na mchapakazi" yamo, na nani Lubumbashi nzima atayasoma aseme hasemwi yeye? Ndiyo maana wamekuja wote.

Aliyekaa depo miaka mitatu, anayetazama rundo la mifuko akakutajia hesabu, amefika kwenye "diploma" akapita. Huyo ndiye uliyemtaka. Kiingereza nacho cha nini? Madereva wa Zambia wanaovuka mpaka Kasumbalesa wengi wanaongea Kibemba, na hapa kwetu Kibemba hakikosi msikilizaji. Kama ni kusoma bordero (karatasi) za mzigo, andika hivyo.

Mimi ningeandika hivi:

"Depo ya saruji na mabati, Kampemba, inatafuta magazinye, mwanaume au mwanamke. Kazi: kupokea mifuko ya kilo 50 na kuihesabu mbele ya dereva, kujaza fishi ya stoki kila jioni, kuhesabu depo nzima kila Jumamosi. Lori la Kasumbalesa likichelewa, utalingoja hata usiku. Masaa hayo yanalipwa. Uwe umeshika stoki walau mwaka 1, popote. Dola 200 kwa mwezi, na transpo. Majaribio miezi 2, kwa maandishi. Leta ukurasa mmoja: kazi ulizofanya, na mistari mitatu ukieleza utapanga vipi saruji mvua zikianza. Hatupokei pesa yoyote. Mwisho Ijumaa, tarehe ..., saa 10 alasiri."

Lori la usiku usilifiche. Asiyeweza kulala nje ya kwake ajiondoe leo, si mwezi wa pili wa majaribio. (Na masaa hayo uyalipe kweli, Mama.) Dola 200 nazo ziandike wazi: mwenye kutaka 350 atabaki kwake, hatakula asubuhi yako.

Ile mistari mitatu ndiyo itakayokuchagulia. Anayeijua kazi atataja paleti, nafasi kati ya mifuko na ukuta, na mfuko wa zamani kutoka kwanza, maana saruji ikinyonya unyevu inaganda. Asiyeijua atakuandikia juu ya uaminifu wake.

Dosye kamili mwombe yule mmoja unayemchukua. Karatasi ya mwenendo mwema, fotokopi, picha: vyote ni pesa, na mwenye kazi tayari hatazunguka komini (ofisi za manispaa) kwa ajili ya "mshahara mzuri" usiojulikana. Hizo za kabatini warudishie wenyewe. Neno la kutopokea pesa nalo usilifute, maana wapo wanaowatoza vijana "pesa ya dosye" kwa kazi isiyokuwepo.

Majaribio, sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka yaandikwe: yasizidi mwezi 1 kwa manevri (kibarua) asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. Miwili inakutosha, Jumamosi chache za kuhesabu zitakuonyesha mtu. Kabila wala mkoa usiulize, hata kwa kuzungukazunguka. Tunajua katika mji huu maneno hayo yametufikisha wapi.

Peleka tangazo ONEM (ofisi ya taifa ya ajira) na INPP (taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi) pia, si mlangoni tu. Na kwenye WhatsApp tarehe ya mwisho iwe ndani ya maandishi yenyewe, kwa sababu picha ya tangazo huzunguka miezi baada ya nafasi kujazwa, na simu yako italia hadi Pasaka.