Waulizeni Wanaobeba Ndoo

Majibu ya Bibi Ustawi kwa barua za wasomaji, Mwanza

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji kandokando ya ziwa, wilaya ya Magu. Tumepata maji ya bomba, na sasa tunapanga saa za kufungua vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, na bei ya ndoo. Mwalimu wa shule yetu ya msingi amependekeza watoto nao waulizwe. Wenzangu wamecheka: mtoto wa darasa la nne ana nini cha kusema kuhusu maji? Sheria inasemaje? Na tukikubali, tunaanzia wapi? – Mjumbe, Magu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sheria iko upande wa mwalimu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18, haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Hata kabla ya hapo, mwaka 1991, Tanzania ilikwisharidhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, na ibara ya 12 inataka maoni ya mtoto yapewe uzito kwa kadiri ya umri na upeo wake. Uamuzi unabaki mikononi mwenu. Mnachodaiwa ni kumsikiliza kabla hamjaamua. Wasomee wenzako hayo, kisha waulize swali moja tu: jana jioni, nyumbani kwako, nani alikwenda kuchota maji?

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka mingi, mingi ya hiyo nikiwa Ukerewe. Kijiji kimoja huko kilikuwa na bomba zuri, lakini watoto bado walishuka ziwani na ndoo zao. Wazazi walisema ni utundu, wanapenda kuogelea. Tulipokaa na watoto wenyewe, msichana wa miaka kama kumi akaeleza kwamba kilula hufunguliwa wakiwa darasani na kufungwa saa kumi na moja jioni. Siku akiwahi, kuna mama huisogeza ndoo yake nyuma ili apange zake tatu. "Ziwani hakuna anayenisukuma," akasema. Hilo lisingesemwa kwenye mkutano wa kijiji, maana waliokuwa wakisogeza ndoo za watoto ndio wanaohudhuria mkutano.

Na ziwani kuna kichocho. Konokono wa maji ya kina kifupi hutoa viluwiluwi vya minyoo ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na mtoto anayejaza ndoo husimama hapo hapo, maji magotini. Kwa hiyo mkifunga kilula mapema, mnamrudisha mtoto kwenye ugonjwa ambao bomba limeletwa kumwepusha nao. Ndiyo maana nakuomba usiichukulie ratiba hii kama jambo dogo la mhudumu na funguo zake.

Jambo lililonigusa zaidi siku ile ni namna watoto wale walivyogawana zamu. Nilidhani watataka foleni moja, wa kwanza atangulie. Wakasema hapana: mvulana fulani anaishi na bibi yake asiyeona, hawezi kumwacha muda mrefu, apite mbele. Mwenzake akapinga palepale, kwamba mama yake anauza uji, na maji yakichelewa siku hiyo hakuna chakula nyumbani. Wakabishana kwa heshima kubwa hadi wakakubaliana: wa bibi atangulie, wa uji awe wa pili, wengine wafuate walivyofika. Nimekaa kwenye kamati nyingi za watu wazima ambazo hazikuwahi kupima shida ya mtu kwa uangalifu ule. Kijiji kilikubali kufungua hadi jua linapozama, na bomba moja kati ya mawili likawa la watoto baada ya masomo.

Sasa, pa kuanzia. Msiwaite watoto mbele ya wazee waliokaa kwenye viti. Watasema "ndiyo" kwa kila kitu. Msimwachie mwalimu achague viranja na wenye kujua kuongea. Wasichana wakae na mwanamke wanayemwamini, kwa sababu habari za njiani jioni, karibu na mwalo wanakoshushia samaki, hawatazisema mbele ya wavulana. Halafu kuna wale ambao shule haiwaoni: wanaoanika dagaa mwaloni asubuhi, wanaolea wadogo zao, na mtoto mwenye ulemavu ambaye pengine hatoki uani. Hao mfuateni walipo. Kumwuliza mtoto "una maoni gani?" hakusaidii sana. Muulize jana alichota wapi, alisubiri na nani, alipewa shilingi ngapi, na zilipopungua alifanya nini. Bei ya ndoo mtaipata humo.

Mtoto akikueleza kwamba anapigwa au anaguswa vibaya, usilipeleke jambo hilo kikaoni hata kama ni kwa nia njema. Peleka kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Na mkishaamua, rudini kwa watoto mkawaambie lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Msipofanya hivyo, mwakani hawatawaambia kitu.

SWALI: Shikamoo bibi. Niko darasa la sita, nakaa Buswelu. Asubuhi konda anasema wanafunzi wawili tu, wengine tubaki. Naamka saa kumi na moja alfajiri na bado nachelewa, halafu nachapwa. Je, naruhusiwa kusema? – E., Ilemela

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Unaruhusiwa, na umesema vizuri. Nauli ya mwanafunzi hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini. Konda hana mamlaka ya kukuacha kituoni kwa sababu unalipa kidogo. Wewe na wenzako wa kituo hicho andikeni kwa wiki moja namba za magari yaliyowaacha, siku na saa. Mpe mama au baba karatasi hiyo aipeleke ofisi ya LATRA hapa Mwanza, na nakala ampe mwalimu mkuu. Usibishane na konda peke yako barabarani.

Kwa mwalimu wa mtoto huyu, kama unasoma: tafadhali acha kumchapa kwa kosa la gari. Kesho asubuhi nenda kituoni saa kumi na mbili ukasimame nao, uone magari mangapi yanawapita.