Re: Daftari la maabara kurudishwa na wino mwekundu

Mdogo wangu, unashangaa daftari limerudishwa wakati aspirini yako ilitoka nyeupe safi. Weupe si namba, na daftari linataka namba. Usiku wa kabla ya praktikali andika mlinganyo, vipimo na hatari za kila kemikali. Gramu 2 za asidi ya salisili haziwezi kutoa aspirini zaidi ya gramu 2.6, mzani ukisoma 3, huenda bado ina maji, iache ikauke.

Halafu usinakili kitabu! Hapa Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ethanoli (aina ya pombe) inachemka kabla ya kufika 78 za kitabuni. Andika ulichosoma kwenye kipimajoto, palepale, kwa peni. Ukikosea, kata mstari mmoja tu. Mimi niliwahi kuandika kiganjani, nikasahau, nikanawa mikono.