Usitume Pesa ya Kilebu Kabla Hujamwona Mama Yake

Jumapili usiku dada mmoja wa Kisumu alinitumia picha: kilebu mwenye mgongo mweusi na miguu ya kahawia, amekalishwa ndani ya beseni, masikio bado yamelala. Chini yake ameandika, "Kaka, ni Jamani Shepadi safi, 18,000 tu. Mwenyewe anasema nitume nusu leo, kesho anampakia kwa matatu mpaka hapa Mamboleo. Nitume?"

Nilimjibu kwa neno moja: Usitume. Halafu nikakosa usingizi hadi saa saba.

Miaka minne iliyopita nilikuwa ndiyo nimehamia Kiamunyi, hapa Nakuru, kwa nyumba yangu mwenyewe, si ya kupanga. Nilijiona nimefika. Na mtu aliyefika, nikawaza, hawezi kufuga mbwa koko. Wewe unayesoma hapa unawaza vivyo hivyo, usinidanganye. Hukufungua makala hii kwa sababu ya mbwa wa kuokota.

Nikampata jamaa mtandaoni. Picha nzuri, maneno matamu. Nilipomwambia nataka kwenda kuwaona wazazi wa kilebu, alisema mama yuko shamba huko Bahati, ni mkali, hapendi wageni. "Usisumbuke mkubwa, nitakuletea." Tukakutana kwenye kituo cha mafuta Free Area, saa kumi na mbili jioni, giza likianza kuingia. Kilebu alitolewa kwenye katoni ya maziwa. Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma. Nikaambiwa ameshiba. Nami, msomi mzima, nikaamini! Ilikuwa minyoo. Nikatuma 25,000 kwa M-Pesa nikiwa nimesimama hapo hapo, nikapewa kilebu na kadi ya chanjo.

Tulimwita Rambo. Binti yangu ndiye aliyechagua jina.

Siku ya nne hakugusa chakula. Jioni akaanza kutapika povu, na usiku akaharisha damu. Harufu ile sitaieleza. Aliyewahi kuuguza mbwa wa pavo, ule ugonjwa wa kirusi unaoua vilebu, huitambua akiwa bado getini. Daktari wa mifugo alifika asubuhi, tukatundika chupa ya dripu kwenye fimbo ya pazia sebuleni, binti yangu akaketi sakafuni ameshika ule mguu wenye sindano ili usivutwe.

Daktari akaniomba kadi. Akaitazama, akaigeuza, akanitazama mimi.

"Umeambiwa ana umri gani?"

"Wiki nane, daktari."

"Na hapa ameshapata chanjo ya tatu. Ya kwanza huanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne. Huyu alidungwa akiwa tumboni?"

Ndipo nami nikaiona ile kadi kwa mara ya kwanza. Tarehe tatu, kalamu moja, mwandiko mmoja. Hakuna muhuri wa daktari, wala kile kikaratasi kinachobanduliwa kwenye chupa ya chanjo na kubandikwa kwenye kadi. Daktari akaniambia dalili za pavo mara nyingi hutokea siku tatu hadi saba baada ya maambukizi. Kwa hesabu hiyo, alikuja nayo au aliipata njiani.

Rambo alikufa alfajiri ya Alhamisi. Nilipompigia muuzaji, aliuliza swali moja tu: "Kwani ulimlisha nini?" Kisha akanifungia. Pesa nimezisamehe. Swali lile bado linanikaa kooni.

Mwaka na miezi kadhaa ikapita bila mbwa. Daktari alikuwa amenikataza kuharakisha, maana kirusi hicho hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka. Sakafu tuliisugua kwa Jik. Udongo hausuguliki.

Wa pili nilimfuata Njoro, kwa mama mmoja aliyestaafu ualimu. Nilidhani nimeenda kununua. Kumbe nimeenda kuhojiwa. Una ua? Mchana nani anabaki nyumbani? Utamfunga mnyororo? Wa kwanza alikufa na nini? Nilikasirika kidogo, nikajiona kama niko mbele ya afisa wa uhamiaji. Kisha akafungua lango la nyuma, mbwa jike akatoka, matiti yananing'inia, akaninusa kiatu na kurudi kulala kando ya watoto wake sita. Hakunguruma. Palikuwa na harufu ya mbwa, basi, si ya choo. Hata hivyo sikupewa kilebu siku hiyo. "Rudi baada ya wiki tatu, baba. Hawajatimiza nane." Alikuwa na pesa zangu mbele yake na akazikataa! Nilipomchukua, tuliandikiana kwamba akiugua ndani ya siku kumi nitamrudisha, na nambari ya daktari wake niliipiga nikiwa pale pale uani.

Leo Sheba anakaribia miaka mitatu. Masikio yalisimama akiwa na miezi mitano, na watu husimama getini kuuliza nilimtoa wapi. Siwalaumu.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu, hasa nyinyi mnaopenda vya bei ya chini na vya kuletewa mlangoni. Nendeni mkamwone mama. Akiwa mwoga au mkali kupita kiasi, watoto huenda wakafuata. Akiwa amekonda na ngozi ina mabaka, ondokeni. Shepadi ana udhaifu wa nyonga unaorithiwa, kwa hiyo mwangalieni mama anavyoinuka na kutembea, na mwulizeni muuzaji kama nyonga za wazazi zilipigwa eksirei. Wengi watawashangaa, aliye na jibu, shikeni nambari yake. Vyeti je? East Africa Kennel Club ya Nairobi husajili mbwa wa ukoo safi, na cheti ni kizuri, lakini kinakuonyesha ukoo. Minyoo hakionyeshi. Hata mwenye cheti, nendeni mkamwone mama. Mnakagua kiwanja mara tatu kabla ya kulipa, mnapeleka mpaka mpima ardhi, halafu kiumbe atakayelala mlangoni kwenu miaka kumi mnamnunua kwa picha ya beseni? Tumbo likiwa ngoma, hajashiba. Na nendeni mkamwone mama, nimesema.

Jana dada wa Kisumu ameniandikia tena. Alimwomba muuzaji ampigie simu ya video akiwa amesimama na mama wa kilebu. Akajibiwa kwamba mama yuko shamba, ni mkali, hapendi wageni. Safari hii shamba liko Kakamega.